UZI: Daraja la Mungu na Kijungu, Rungwe – nendeni mkauone Mto Kiwira ukichonga jiwe

Mtembezi wa Kusini (mwanzisha uzi):

Wakuu, habari za siku. Nimekaa na uzi huu kichwani tangu Juni, leo nimeamua kuuandika kabla sijasahau mambo madogo madogo.

Kila mwaka naona watu wakipita Uyole, wanashuka Tukuyu hadi Kyela, wanakwenda Matema kuogelea Ziwa Nyasa, wanarudi. Barabara ile imewapitisha karibu kabisa na mto uliotoboa mwamba wa volkano na kuacha daraja juu yake, na hawakusimama. Mimi mwenyewe nilipita mara nne bila kusimama, nikiwa dirishani nauza macho kwenye mashamba ya chai. Safari ya tano nilishuka.

Kwa asiyejua: Daraja la Mungu ni daraja la jiwe juu ya Mto Kiwira, wilayani Rungwe, mkoa wa Mbeya. Hakuna fundi aliyeweka nguzo wala saruji. Kijungu ni sehemu nyingine ya mto huohuo, mbele kidogo kuelekea chini, ambapo maji yote ya mto yanabanwa kwenye mwamba na kutumbukia katika shimo la mviringo, yakizunguka na kutoa povu kama chungu kilichopo jikoni. Jina lenyewe linakueleza.

Jinsi ya kufika. Ukitokea Mbeya mjini, panda gari la Tukuyu au Kyela. Mbeya hadi Tukuyu ni kama kilomita 70, lami, milima mitupu. Kabla ya kufika Tukuyu, mwambie konda akushushe njia panda ya kwenda Chuo cha Magereza Kiwira. Mwambie mapema, maana magari yale yakishika mteremko hayasimami kirahisi. Hapo utapata bodaboda. Njia ya kuingia ndani ni ya vumbi wakati wa kiangazi, na masika ni utelezi. Nilimwona kijana anasukuma pikipiki huku abiria wake anatembea nyuma ameshika viatu mkononi.

Kijungu kipo ndani ya eneo la magereza, kwa hiyo utapita getini, utajieleza, na utapewa mtu wa kukuongoza. Vaa kwa heshima, ongea kwa heshima, na usianze kupiga picha majengo na askari. Uliza kwanza wapi pa kupiga picha. Mimi nilipokelewa vizuri sana.

Sasa nieleze kilichonifanya niandike.

Nilipofika darajani nilikuwa tayari nimesimama juu yake na sikujua. Juu kuna majani na vichaka, ardhi ya kawaida kabisa. Kijana aliyenileta akaniambia, "Kaka, sikiliza chini." Nikasikia mngurumo chini ya nyayo zangu. Tukazunguka pembeni, tukashuka kidogo, ndipo nikaliona tao lenyewe: jiwe jeusi, zito, limejikunja toka ukingo mmoja hadi mwingine, na mto unapita katikati kama uliwahi kuahidiwa njia. Unyevu unapanda mpaka usoni. Nilikaa pale kimya kwa muda mrefu, na mimi si mtu wa kukaa kimya.

Watu wengi hupiga picha ya daraja wakaondoka. Naomba, ukifika, kaa utazame mto. Daraja ni kile ambacho mto haujakimaliza bado.

---

Binti Tukuyu:

Ndaga fijo (asante sana) kaka kwa kuandika kwetu vizuri. Nyongeza kidogo kutoka kwa mwenyeji: Tukuyu inapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Msije na mawazo ya mvua ya Dodoma. Huku mvua huanza Novemba na kuendelea mpaka Mei, na hata baada ya hapo inaweza kunyesha mchana wa saa tisa bila taarifa. Juni hadi Agosti ni baridi lakini njia zinapitika, mto unakuwa wa wastani na mwamba wa Kijungu unaonekana vizuri. Ukija Aprili utauona mto ukiwa na hasira, ila mwamba wenyewe unakuwa umefunikwa na maji.

Jengine, mkikutana na wazee njiani salimieni. "Ugonile" inatosha. Mzee atafurahi na atakuonyesha njia ambayo bodaboda hajui.

---

Mzee wa Ramani:

Mkuu, nimewahi kusoma mahali kwamba daraja hilo liliumbika miaka milioni 1,800 iliyopita. Mbona hujaweka umri?

---

Mtembezi wa Kusini:

Mzee wangu, shikamoo. Hiyo namba nami nimekutana nayo mara nyingi, na haiwezi kuwa sahihi. Sababu yenyewe haihitaji maabara.

Daraja limetokana na lava, uji wa moto uliotoka kwenye volkano za Rungwe. Volkano zile ni changa kwa hesabu za dunia. Ni mazao ya Bonde la Ufa, na bonde lenyewe halijafikisha hata miaka milioni 100. Mtoto hawezi kumzidi mama yake umri. Mlima Rungwe wenyewe, ule unaokaribia mita 3,000, pamoja na Ngozi penye ziwa la kreta, vimelipuka ndani ya miaka elfu chache iliyopita. Na Kiejo, jirani yao, lava yake ya mwisho ilimwagika kama miaka 200 tu iliyopita. Ni wakati wa mababu wa mababu zetu, watu walikuwepo wakaona.

Nadhani mkanganyiko unatoka hapa: chini ya volkano zote hizo upo mwamba wa msingi, ule wanajiolojia wanaouita wa Ubende, na huo kweli unakaribia miaka bilioni mbili. Mtu akichanganya sakafu na zulia lililotandikwa juu yake, atapata namba hiyo.

Ilivyokuwa ni hivi. Lava ilishuka ikaingia kwenye bonde la mto. Lava inapopoa, ngozi ya juu inaganda kwanza na kuwa jiwe gumu, wakati ndani na chini bado hapajashikana vizuri: kuna majivu, changarawe, nyufa. Mto nao hauwezi kusimama kusubiri. Maji yakatafuta palipo dhaifu, yakapenya chini, yakatoa kipande kimoja, kisha kingine. Lava ikipoa husinyaa, na ikisinyaa hupasuka kwa mistari iliyosimama, hivyo maji yakishaingia kwenye ufa yanang'oa jiwe bonge zima. Palipokuwa pagumu zaidi pakabaki juu. Hilo ndilo tao mnalopigia picha.

---

Mzee wa Ramani:

Marahaba mwanangu. Nimekuelewa. Hiyo ya sakafu na zulia nitawapelekea wajukuu.

---

Kokoto:

Mimi ni mwalimu wa jiografia sekondari, naomba niongezee kuhusu Kijungu maana wanafunzi wangu huwa wanadhani maji matupu ndiyo yametoboa mwamba.

Maji peke yake yana nguvu lakini si fundi mzuri. Fundi ni kokoto. Panapokuwa na kajishimo kadogo kwenye mwamba wa mtoni, maji yanayopita yanazunguka ndani yake. Kokoto na mchanga vikiingia humo vinazungushwa na maji, vinasaga kuta na sakafu ya shimo. Kokoto lenyewe linasagika, linakuwa la mviringo, linaisha, linakuja jingine. Shimo linazidi kwenda chini na kupanuka, na kwa kuwa kinachosaga kinazunguka, shimo nalo linakuwa la mviringo kama limepigwa na keekee. Mashimo mawili yakikua yakakutana, ukuta wa katikati unavunjika, mto unapata mfereji. Baada ya muda mrefu unaona mto mzima umezama kwenye mwamba.

Kazi kubwa haifanyiki siku za kawaida. Inafanyika siku chache za mafuriko, mto unapokuwa na uwezo wa kubeba mawe makubwa. Miezi mingine yote mto unang'arisha tu.

Kwa hiyo ukifika Kijungu wakati maji yamepungua, usiangalie shimo kubwa tu. Angalia kwenye mwamba mkavu wa pembeni. Utakuta vijishimo vya ukubwa wa bakuli, vingine kama kikombe, na ndani mna kokoto za duara zimetulia. Hizo ni karakana zilizosimama kwa muda, zikisubiri mvua. Nawaambia wanafunzi wangu: msichukue hilo kokoto. Ndiyo nyundo ya fundi.

---

Mtembezi wa Kusini:

Mwalimu, hapo kwenye nyundo ya fundi umenipiga. Mimi nilichukua moja. Lipo mezani kwangu sasa hivi. Nitalirudisha safari ijayo, nasema kweli.

---

Msafiri wa Naivasha:

Salamu kutoka Kenya. Uzi mzuri sana ndugu yangu. Nimeusoma nikakumbuka korongo letu la Ol Njorowa ndani ya mbuga ya Hell's Gate. Nalo lilichongwa na maji. Ziwa Naivasha la kale lilikuwa kubwa zaidi ya hili la leo na lilipofurika maji yake yalitoka upande wa kusini, yakakata mwamba wa volkano hadi kuacha kuta ndefu zenye mikunjo kama nguo iliyokamuliwa. Unatembea ndani, mahali pengine unaweza kugusa kuta zote mbili, na kuna chemchemi za maji moto zinazotiririka ukutani.

Lakini nimekuja kusema jambo moja zito. Korongo lile linapendeza kwa sababu maji yalipita pale, na maji hayo bado yana hiyo njia. Mwaka 2012 mafuriko ya ghafla yaliua vijana waliokuwa matembezini. Mwaka 2019 yakaua tena. Walipokuwa wamesimama, mvua haikuwa lazima iwe inawanyeshea wao. Ilinyesha juu, mbali, na maji yakaja.

Tafadhali watu wa Rungwe mkumbuke hilo hata kwenu. Anga likiwa jeupe Kijungu na jeusi mlimani, msishuke.

---

Binti Tukuyu:

Asante sana kaka wa Naivasha, na poleni kwa msiba ule. Huku ni kweli kabisa, mto wetu unatoka milimani. Dalili tunazojua sisi: maji yakibadilika rangi ghafla kuwa ya udongo, au yakianza kuleta majani na vijiti, toka hapo hapo. Usimalizie picha.

Na mwamba wa Kijungu unateleza kuliko unavyoonekana. Ukikauka ni mzuri, lakini sehemu zenye ukijani, hata kama juu pamekauka, chini ni kama sabuni. Kuna mgeni wetu mmoja aliteleza mguu mmoja ukaingia kwenye maji ya pembeni, akashikwa na mwenzake mkono. Hakuumia ila alitetemeka mpaka jioni. Shimo lile mtu akiingia hatoki, kwa sababu maji yanavuta kwenda chini kabla ya kutoka mbele. Msisimame ukingoni mkiwa mmelipa shimo mgongo.

---

Mwanairinga:

Wadau naona mmewasahau ndugu zenu. Kilomita kama 20 kutoka Iringa mjini, ukifuata barabara ya Mbeya, kuna Isimila. Huko nako maji yamechonga, ila matokeo ni mengine kabisa. Badala ya mwamba wa volkano mna mchanga uliogandamana, laini, na maji ya mvua na vijito vya msimu vimekula pembeni vikaacha nguzo ndefu zimesimama, nyingine zina kofia ya jiwe gumu juu. Hiyo kofia ndiyo imeikinga nguzo isiliwe. Ikianguka, nguzo nayo haina siku nyingi.

Na chini kabisa, mahali ambapo kulikuwa na ziwa dogo zamani, mto umefukua zana za mawe za watu wa kale. Mashoka ya mkono, mazito, mengine makubwa kiasi kwamba unajiuliza mwenye mkono huo alikuwaje. Zimekadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 200,000. Zilianza kujulikana kwa wataalamu mwaka 1951, na uchimbaji mkubwa ukafanyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Bila mmomonyoko zingekuwa bado zimefukiwa.

Mtu anayetoka Dar kwenda Mbeya kwa gari lake anaweza kulala Iringa, akaona Isimila asubuhi, akalala Mbeya, kesho yake Daraja la Mungu. Atakuwa ameona jinsi maji yanavyofanya kazi kwenye jiwe laini na jinsi yanavyofanya kwenye jiwe gumu.

---

Mtembezi wa Kusini:

Ndugu wa Iringa, umenipa safari bila kukuomba. Nimepita Isimila nikaona kibao tu. Ni ugonjwa uleule wa kupita.

---

Mcha Mungu 77:

Wakuu, naomba niulize kwa nia njema. Mnaeleza lava, kokoto, nyufa. Wazee waliliita Daraja la Mungu. Mkishaeleza hivyo hamlipunguzii jina?

---

Mtembezi wa Kusini:

Ndugu yangu, swali lako nimelichukulia kwa uzito. Mimi nilifika pale nikiwa sijui chochote kuhusu lava, nikashangaa. Nikarudi nyumbani nikasoma, nikaenda tena Agosti nikiwa najua, na nilishangaa zaidi. Mara ya kwanza nilishangaa kwamba lipo. Mara ya pili nilishangaa kwamba halijaanguka, wakati mto unafanya kazi chini yake usiku na mchana. Aliyeliita hivyo alisimama palepale niliposimama, na sidhani alihitaji kutojua ndipo aseme jina lile.

Kinacholipunguzia jina ni kitu kingine. Nilikuta watu wamechora majina yao kwa kitu chenye ncha kwenye mwamba, na tarehe. Na chupa za plastiki kwenye vichaka. Jiwe lililochukua muda huo wote kuwa laini, mtu analichana kwa dakika mbili. Liliniuma kweli.

---

Mcha Mungu 77:

Nimeridhika. Ubarikiwe.

---

Mama Wawili:

Habari zenu. Nina watoto wawili, mmoja miaka 11 mwingine 8. Nipo Mbeya mjini. Inawezekana kwenda na kurudi siku moja na watoto? Na nianze wapi, darajani au Kijungu?

---

Mtembezi wa Kusini:

Dada, inawezekana bila shida. Toka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Anza darajani, umalize Kijungu. Hiyo ndiyo njia ya mto wenyewe, na watoto watauona kwanza ukipita chini ya jiwe, kisha wataukuta ukichimba jiwe. Ukianza Kijungu, daraja litaonekana kama jambo dogo, na si dogo.

Kwa watoto, kodi gari dogo pale njia panda au Tukuyu badala ya bodaboda mbili. Beba sweta, koti la mvua, viatu vya soli yenye meno, na nguo za kubadilisha kila mtoto. Chakula nunua soko la Kiwira, ndizi na maparachichi ya pale hayana mpinzani. Kijungu mshike mkono yule wa miaka 8 muda wote, na yule wa 11 pia, atalalamika lakini mshike. Uliza kiingilio getini, viwango hubadilika, na utembee na fedha taslimu ndogo ndogo.

---

Binti Tukuyu:

Na ukimaliza mapema dada, usikimbilie Mbeya. Waonyeshe watoto ukungu unavyoshuka kwenye chai saa kumi jioni.

---

Kokoto:

Wapeleke wakaone karakana ndogo za pembeni, tafadhali. Usiishie kwenye shimo kubwa.

---

Mama Wawili:

Wapendwa, nimerudi na mrejesho. Tumekwenda Jumamosi iliyopita.

Darajani watoto walikataa kuamini kwamba wamesimama juu ya mto mpaka tuliposhuka pembeni. Yule mkubwa aliuliza kama linaweza kuanguka. Nikamjibu kwamba siku moja litaanguka, ila si leo. Akasogea nyuma hatua mbili, kisha akarudi akaendelea kutazama.

Kijungu askari aliyetuongoza alikuwa mtu mzima, mpole, aliwaeleza watoto mahali pa kukanyaga na mahali pa kutokanyaga, nao walimtii kuliko wanavyonitii mimi. Maji yalikuwa yamepungua. Tulikaa mbali na shimo kubwa, tukatafuta yale mabakuli ya mwalimu. Tulipata saba. Yule mdogo alitia mkono kwenye kimoja akatoa kokoto, jeusi, la duara kabisa kama gololi. Akataka kulitia mfukoni. Nikamweleza habari ya nyundo ya fundi.

Alifikiri kidogo. Kisha akalirudisha, akachota maji kwa viganja akamimina juu yake, akaanza kulizungusha kwa kidole ndani ya shimo. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anamsaidia mto kazi.

---

Mtembezi wa Kusini:

Dada, nimesoma mara tatu. Natarajia kwenda mwishoni mwa mwezi, kokoto langu limeshaingia kwenye begi.